Pikipiki ya safari ndefu hainunuliwi kwa cc

Pikipiki kubwa ikiegeshwa karibu na mnara wa saa, Arusha, haipiti muda mtu hajauliza ina cc ngapi. Akishajibiwa, anauliza bei. Ni maswali ya kijiweni na yana raha yake, ila hayamfikishi mtu Dodoma. Anayetaka kuondoka Arusha alfajiri, aingie Dodoma jua likiwa bado juu, na kesho yake aendelee Iringa bila mgongo kumlaumu, inambidi aulize mengine. Siti imekaaje? Injini inazunguka kiasi gani ikiwa kilomita 90 kwa saa? Tairi la nyuma ni saizi gani? Fundi wa Kondoa akiifungua, atatambua anachokiona?

Maoni yetu tuyaweke wazi mapema. Kwa mtu anayeishi Arusha au Moshi na anayetembea barabara za hapa, pikipiki ya cc 250 hadi 500, yenye uzito usiozidi kilo 200, inampa safari nzuri kuliko zile za cc 1,000 na kuendelea. Uwezo wa mfuko hauhusiki hapa. Hata mwenye fedha za kununua kubwa, mara nyingi angefurahia ndogo zaidi.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayopanga mengine. Arusha hadi Dodoma kupitia Makuyuni, Babati na Kondoa ni takriban kilomita 425, lami mwanzo mwisho. Vijiji ni vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50, matuta ya kukaribisha na matuta ya kuaga, na mara nyingi trafiki mwenye tochi chini ya mti. Tuchukulie kilomita 130 kati ya hizo ni za mwendo wa 50. Hapo umetumia saa mbili na dakika 36, uwe umepanda Boxer au BMW. Zinabaki kilomita 295. Anayekwenda 90 atazimaliza kwa saa tatu na dakika 17. Anayekwenda 120 atatumia saa mbili na dakika 27. Tofauti ni dakika 50, na hiyo ni kama hakuna ng'ombe wanaovuka Makuyuni. Dakika hizo 50 ndizo zinazolipiwa kwa injini kubwa mara mbili au tatu, matairi ya kuagiza, na lita za ziada kila kituo.

Lakini usishuke chini sana pia, na sababu yake ni malori. Chukua lori la tela lenye urefu wa mita 18, linakwenda 70 kwenye tambarare ya Same. Kulipita salama unahitaji nafasi ya mita 20 nyuma na 20 mbele, jumla 58. Pikipiki inayojikakamua hadi 85 itakaa upande wa kulia sekunde 14 na itakuwa imekula mita 330 za barabara. Inayofika 110 inamaliza kazi kwa sekunde tano na robo, mita 160. Tofauti hiyo ndiyo ya maisha. Ndiyo maana kiwango cha chini kwa mtu mmoja na mzigo wake ni nguvu za farasi 20 hadi 25. Ukiwa na abiria, anza na 40.

Mwinuko nao unakata nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Boxer BM 150, ambayo kiwandani huandikwa nguvu za farasi 12, hapa inabaki na kumi na kitu kabla hujafunga begi. Ukipandisha ukuta wa bonde la ufa kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu ndipo unapoielewa hesabu hiyo vizuri.

Hapo ndipo kabureta na EFI, yaani mfumo wa umeme wa kupulizia mafuta kwenye injini, zinapoachana. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikiletwa Arusha inakunywa mafuta mengi kuliko hewa inayopata: plagi inakuwa nyeusi kavu, moshi unanuka petroli, ulaji unapanda. Fundi wa hapa akiibana ikatulia, kisha ukateremka nayo Mombo na Segera kwenye joto na hewa nzito, sasa mafuta ni kidogo kwa hewa iliyopo. Plagi inageuka nyeupe, injini inachemka, na ukiilazimisha kwa saa kadhaa unaweza kutoboa pistoni. EFI inajirekebisha yenyewe kwa kipimo cha shinikizo la hewa. Hofu ya kwamba EFI ikifa porini hakuna wa kuifufua ina ukweli, ila kinachoiua mara nyingi ni petroli chafu iliyoziba filta ya pampu, au betri dhaifu. Vyote viwili unaviona kabla ya safari ukivitafuta.

Sasa tukae kwenye siti, mahali ambapo wanunuzi wengi hupita haraka mno. Kwenye safari ya saa nane mwili wa dereva ndio spea ya kwanza kuchakaa. Aliyechoka anachelewa kushika breki, anakata kona kwa uvivu, haoni punda. Kwa hiyo starehe tunaihesabu ndani ya uimara wa pikipiki.

Siti laini inadanganya dukani. Unakaa, unazama, unatabasamu. Baada ya saa moja na nusu sponji imelala, mifupa ya makalio inagusa bati la chini, na unaanza kukaa upande upande. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu: kikifika chini kirahisi, siti hiyo ni ya safari za sokoni. Angalia pia mteremko. Siti inayoteremkia tenki inakusukuma mbele kila unaposhika breki, na uzito wote unahamia kwenye viganja. Habari njema ni kwamba hili ndilo kosa la bei nafuu kuliko yote kurekebisha. Fundi wa kushona siti anaweza kuondoa sponji ya juu, kuweka ngumu iliyoshindiliwa, kunyoosha sehemu ya kukalia iwe tambarare na pana nyuma, na kuiacha nyembamba mbele ili miguu ifike chini. Mwambie asiweke plastiki inayong'aa. Ukiloa jasho Hedaru utajua kwa nini.

Baada ya siti, magoti. Kaa ukiwa na buti na nguo za safari, mtu akushikie pikipiki iwe wima, ubaki hapo dakika 20 bila kushuka. Goti likikunjwa chini ya nyuzi 90, litaanza kuuma kabla ya Babati. Mtu mrefu wa mita 1.80 kwenye pikipiki ndogo za bodaboda yuko hapo hapo. Kisha simama juu ya sehemu za kukanyagia kama unavyofanya kwenye barabara ya vumbi. Usukani ukikulazimisha kuinama, unahitaji kuinuliwa milimita 20 hadi 30 kwa vipande vya alumini vinavyofungwa chini yake. Ukishainua, washa injini ikiwa fri na uzungushe usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutika, na siku moja utageuza pikipiki mtaani ikukimbie.

Mtikisiko ni adui mwingine asiyeonekana dukani. Injini ya silinda moja isiyo na shafti ya kusawazisha inatetemesha usukani, na ikizidi unashuka vidole vya mwisho vikiwa vimekufa ganzi. Kipimo chake ni vioo vya pembeni: ukiwa kwenye mwendo wako wa safari na lori lililo nyuma linaonekana kama ukungu, vidole vitafuata. Kwa pikipiki ndogo, sproketi ya mbele ya meno 14 ukiweka ya 15 inapunguza mzunguko wa injini kwa asilimia 7 kwa mwendo ule ule. Utalipia kwenye milima, maana gia ya mwisho itakuwa nzito, lakini kwa tambarare ya Mwanga na Same ni faida.

Na hapo hapo Same kuna upepo. Kioo cha mbele kinasaidia kifua kisisukumwe kutwa nzima, ila kioo kirefu chenye umbo baya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kinatupa hewa iliyovurugika moja kwa moja kwenye helmeti, kichwa kinatikisika, macho yanachoka. Ncha yake iwe usawa wa pua, utazame juu yake na si kupitia ndani yake. Mvua ya masika ikikichafua bado unaona. Weka vizibo vya masikio vya sponji. Kelele ya upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90 ukikaribia kilomita 100 kwa saa, na uchovu wa safari ndefu kwa sehemu kubwa unatoka huko.

Tugeukie kuharibika. Pikipiki isiyoharibika haipo. Unachonunua ni aina ya ubovu. Swali ni kama ubovu wenyewe unatengenezeka pale ulipo kwa zana zilizopo.

Tairi ndiyo mfano wa wazi. Saizi nyembamba za inchi 17 na 18 wanazotumia bodaboda zinapatikana hadi vijijini. Himalayan 411 ya Royal Enfield ina 90/90-21 mbele na 120/90-17 nyuma. Ya nyuma unaweza kuhangaika ukapata kitu kinachoingia, ya mbele ubebe akiba ya tyubu. R 1250 GS ya BMW inavaa 170/60-17 nyuma, na hiyo usitegemee kuikuta njiani. Ikichanika Katesh, safari imeishia Katesh mpaka mzigo uje na basi. Mbinu ya wasafiri wa zamani inafaa kujulikana: beba tyubu moja ya inchi 21, maana inaweza kusukumizwa ndani ya tairi la inchi 18 la nyuma ikakufikisha mji unaofuata kwa mwendo wa pole. Kinyume chake haiwezekani.

Tairi la tubulesi ni rahisi kuziba: unachomoa msumari, unasukuma kamba yenye gundi, unajaza upepo, dakika kumi umemaliza. Ila rimu ya alumini ya kumimina, isiyo na spoku, ikipinda kwenye shimo, upepo hautakaa tena. Rimu ya spoku inapinda, inagongwa na nyundo ya mpira, inaendelea. Kwa nchi ya Umasai ongeza miiba ya mgunga. Mwiba unatoboa tyubu, unavunjikia ndani ya tairi, na anayeziba kwa haraka anapata pancha ya pili baada ya kilomita tano. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa, mwiba upo hapo. Unaporudisha tairi, sukuma ukingo wa upande wa pili uingie kwenye bonde la katikati ya rimu, ndipo upande wako utalegea bila kutumia nguvu. Wengi wanaotoboa tyubu mpya wanaitoboa wenyewe kwa chuma cha kubandulia.

Cheni inalaumiwa kwa uchafu, na wauzaji wa pikipiki za shafti, zinazozungusha gurudumu kwa mhimili badala ya cheni, hupenda kulisema hilo. Kweli, cheni inataka oili kila kilomita 500 na mapema zaidi baada ya mvua. Lakini cheni ikikatika, kiungo kimoja cha akiba na kifaa cha kukatia vinakurudisha barabarani. Beringi ya shafti ikifa, unatafuta lori. Kosa la kawaida hapa ni kukaza cheni kupita kiasi. Ukiikagua bila mtu juu inaonekana imelegea, fundi anaikaza. Ukishakaa na mzigo, gurudumu la nyuma linapanda, cheni inavutika kama waya wa gitaa, na beringi ya gia inaliwa kidogo kidogo. Kwa pikipiki nyingi ndogo uchezaji ni milimita 25 hadi 35, kwa zenye shokapu ndefu 35 hadi 45. Namba halisi imebandikwa kwenye mkono wa nyuma au imeandikwa kwenye kitabu chake.

Oili iwe yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili za magari madogo nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili hiyo hiyo: inaanza kuteleza mlimani, injini inanguruma na mwendo hauongezeki. Mtu anabadilisha sahani za klachi kumbe tatizo ni galoni.

Vumbi linataka neno lake. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ina vumbi la majivu ya volkano, laini kuliko unga wa sembe. Filta ya karatasi inaziba siku hiyo hiyo. Ya sponji inaoshwa kwa mafuta ya taa, inakaushwa, inapakwa oili, inarudi. Vumbi likipita, ringi za pistoni zinasagika na dalili ni moshi wa bluu na oili inayopungua. Njia hiyo pia inapima tenki: ni zaidi ya kilomita 100 kwenda na hizo hizo kurudi, na petroli ya chupa mtu asiitegemee. Honda CRF300L yenye tenki la lita 7.8 itakutia wasiwasi. Himalayan yenye lita 15 haitakuwazisha.

Kwa majina basi. Himalayan 411 ina nguvu za farasi 24 tu, siti ya kimo cha milimita 800 na injini isiyo na rejeta. Ni nzito kwa nguvu yake, kilo 199, na mlimani inataka uvumilivu, lakini mvuto wake mkubwa unapatikana mizunguko ikiwa chini, na hiyo ndiyo tabia ya kusafiria. Ya 450 iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2023 ina farasi 40 na tenki la lita 17. Kwa anayebeba mwenza, hiyo. Honda CB500X, ambayo tangu 2024 inaitwa NX500, ndiyo laini kuliko zote kwa lami, silinda mbili, karibu haina mtikisiko, na kwa mtu wa Moshi anayekwenda Dar na kurudi hatuoni sababu ya kutafuta kingine. Kwenye udongo mweusi wa masika haifai. Yamaha Ténéré 700 ni bora porini, ila siti yake ni milimita 875, na mfupi akisimama kwenye mteremko atalijua hilo vibaya. Honda Africa Twin ya sasa ni kilo 231, GS 1250 ni 249, kabla ya mabegi. Ilaze chini kwenye nyasi, ijaribu kuinyanyua peke yako. Ukishindwa kwenye nyasi, kwenye tope usijaribu.

Boxer au TVS? Inafika, mradi ukubali mwendo wa 70, kusimama kila kilomita 80, na kutoyapita malori yanayokimbia. Faida yake hakuna mwenzake anayo: spea iko kila kijiji.

Za mitumba zina kasoro zinazojulikana na unaziuliza kwa jina. Kawasaki KLR650 za kabla ya 2008, uliza kama mkono wa kukazia cheni ya usawazisho ulibadilishwa. Ukivunjika vipande vinaingia kwenye injini. Suzuki DR650, skrubu za swichi ya fri zilizo ndani ya injini hulegea. Africa Twin 750 za zamani, pampu ya mafuta huungua sehemu za kugusana. Na pikipiki inayouzwa na msafiri wa kigeni aliyepitia hapa akielekea Cape Town iangalie karatasi kwanza: ikiwa iliingia kwa hati ya forodha ya muda, haijalipiwa ushuru, na bei nzuri aliyokupa haina kodi ndani yake.

Hilo la karatasi linagusa pia njia. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Serengeti wala Ngorongoro, kwa hiyo Mwanza kwa kukatiza huko haipo. Unazunguka Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, zaidi ya kilomita 700. Ukivuka Namanga au Holili, bima ya nyumbani pekee haitoshi, unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Na kwa spea, mtu wa Arusha akumbuke kuwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, iko karibu kuliko Kariakoo kwa zaidi ya nusu.

Kabla ya kulipa, ikute injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, rudi kesho, maana ugumu wa kuwaka ndio anaouficha. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu: ukihisi inanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Pima umeme kwenye betri injini ikiwa mizunguko 4,000. Isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Halafu omba uende nayo Moshi na kurudi, kilomita 160, bila kusimama Boma Ng'ombe, begi la kilo 20 likiwa limefungwa nyuma. Ukirudi, angalia vidole, angalia magoti, kisha gusa rimu ya gurudumu la nyuma kama ina oili iliyotapakaa kutoka kwenye sili, mpira unaozuia oili isivuje.